Trekta ya haidro ikipata moto haivuti. Nifungue pampu au nisifungue?

Zabibu Hombolo

Wakuu, mbukwenyi.

Nina trekta ndogo ya Kijapani, mtumba, hp 24, ya haidrostatiki: unakanyaga pedali ya mbele inakwenda, unakanyaga ya nyuma inarudi, hakuna kukanyaga klachi kila ukigeuza. Naitumia kwenye zabibu huku Hombolo, kupitisha rotaveta (jembe la kuzunguka) katikati ya mistari na kuvuta tela la samadi. Niliitaka ya aina hii makusudi, maana kwenye mistari ya zabibu unasimama na kugeuza kila mara, na kijana anajifunza haraka.

Tatizo ni hili. Asubuhi inavuta vizuri kabisa. Ikifika saa tano, saa sita, inaanza kulegea. Kile kimlima cha kutokea korongoni, ukiwa na tela, unakanyaga pedali mpaka mwisho, injini inanguruma kama haina kazi, matairi yanasuasua halafu yanasimama. Kurudi nyuma ni hivyo hivyo. Ukiiweka kivulini ikapoa, nguvu zinarudi.

Fundi mmoja wa mjini kaja, kaisikiliza, kasema pampu imekufa, ishushwe ifunguliwe. Bei aliyotaja inakaribia nusu ya niliyonunulia trekta. Kabla sijauza mbuzi, nani amepitia hili?

Mwana Mpunguzi

Ngoja wajuzi waje. Nakaa hapa, na mimi ninayo kama hiyo.

Massey Damu

Ndiyo maana sisi wengine tumebaki na Massey Ferguson 290. Gia za chuma, oili, basi. Hizo za pedali ni za kukatia majani Ulaya.

Fundi Giza

@Zabibu Hombolo usifungue kitu. Na huyo fundi aliyesema pampu imekufa kwa kuisikiliza tu, bila geji ya presha, mwambie asubiri.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa maswali mengine yanajijibu. Injini inazungusha pampu yenye pistoni kadhaa zilizopangwa duara. Pistoni hizo zinaegemea sahani inayoinama. Pedali haiongezi mafuta kwenye injini, inainamisha hiyo sahani. Sahani ikisimama wima, pistoni zinazunguka tu bila kusukuma oili, trekta imetulia. Ikiinama upande huu, oili inasukumwa kwenda kwenye mota na trekta inakwenda mbele. Ikiinama upande wa pili, oili inageuza njia na trekta inarudi nyuma. Oili hiyo haishuki kwenye tangi ndiyo ipande tena, inazunguka baina ya pampu na mota mzunguko uliofungwa, kwa presha inayovuka bar 200 mzigo ukiwa mzito. Kiasi kidogo kinavuja ndani kila wakati, ndivyo vyuma vinavyolainishwa. Kile kinachovuja kinajazwa na pampu nyingine ndogo, ya kulishia. Ikumbukeni hiyo pampu ya kulishia, nitairudia.

Nyuma ya mota bado kuna gia za kawaida, zile za kobe (mwendo mdogo) na sungura (mwendo mkubwa), halafu difu. Kwa hiyo siyo kwamba haina gia.

Sasa kulegea ikipata moto. Oili ya trekta ikiwa nyuzi 100 inakuwa nyepesi karibu mara sita kuliko ikiwa nyuzi 40. Nafasi baina ya pistoni na nyumba yake ni mikroni chache, wakati unywele wako ni kama mikroni 70. Nafasi ikishaongezeka kwa kulika, oili nzito ya asubuhi bado inabanwa, ile nyepesi ya mchana inapenya na kurudi. Ni sawa na bomba la mkono la kisima ambalo ngozi yake imeliwa: unapampu kwa nguvu zako zote, maji yanarudi chini. Injini haielemewi kwa sababu kweli haina mzigo.

Kwa hiyo dalili zako zinaweza kuwa za pampu kuchoka. Lakini zinaweza pia kuwa za oili kupata moto kupita kiasi, na hilo linatibika kwa maji na brashi. Naomba majibu: (1) oili iliyomo ni ipi na nani aliiweka? (2) filta za haidro zimewahi kubadilishwa? (3) rejeta ndogo ya oili na feni yake vikoje? (4) kijana wako akipanda mlima anakuwa kwenye kobe au sungura?

Zabibu Hombolo

Asante sana mkuu. Oili sijui, ilikuja nayo. Aliyeniuzia alisema ni "haidroliki nzuri". Filta sijagusa. Rejeta ya oili sikujua kama ipo. Kijana anapanda na sungura, anasema kobe inachelewesha.

Mama Alizeti

Kijana huyo ni pacha wa wangu wa Mkalama 😂 Na akiona inazidiwa anakanyaga zaidi.

Fundi Giza

@Mama Alizeti hapo ndipo wanapoziua. Madereva wetu wamejifunzia kwenye gari, wanajua kukanyaga ni kuongeza nguvu. Kwenye haidro, kukanyaga zaidi ni kuomba mwendo. Sahani ikiinama sana, oili inakwenda nyingi lakini nguvu ya kuvuta inapungua, ni kama kupandisha gia mlimani. Trekta ikizidiwa unaachia pedali kidogo, injini ukiiacha kwenye mzunguko wa juu. Ukishasikia mlio mkali wa kukwaruza, ujue valvu ya kupunguza presha imefunguka, na oili inayopita hapo inageuka moto mtupu. Sekunde chache si neno. Mlima mzima hivyo, umepika oili.

Mzigo, mlima, rotaveta ardhi ngumu: kobe. Sungura ni ya barabarani.

@Massey Damu haidro siyo kitu cha bustani. International Harvester waliitia kwenye trekta la shamba, Farmall 656, mwaka 1967. Ninachokubali ni kwamba inakula nguvu zaidi kuliko gia. Ndiyo maana toleo la haidro la trekta ile ile huwa na nguvu pungufu kidogo kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha rotaveta. Kama kazi yako ni kulima plau kutwa nzima kwenye mbuga ya Kongwa, baki na 290 yako, wala sibishani.

Dereva wa Bahi

Mimi naendesha kombaini ya mpunga huku Bahi, nayo ni haidro. Tatizo langu ni tofauti: mbele inavuta, nyuma haina nguvu kabisa. Moto au baridi ni sawa. Pampu pia?

Fundi Giza

Hapana. Pampu ni moja, mota ni moja. Zikiwa zimelika, kote kunalegea. Upande mmoja ukilegea na mwingine mzima, mtuhumiwa wa kwanza ni valvu ya presha ya upande huo. Mara nyingi ziko mbili zinazofanana, moja ya mbele na moja ya nyuma. Safisha nje pote, zifungue, zibadilishane nafasi. Ugonjwa ukihamia mbele, umempata mwizi. Usipohama, angalia kama fimbo ya pedali inafika mwisho upande wa nyuma. Kabla ya yote hayo ng'oa matope yaliyogandia chini ya pedali. Huko kwenu majarubani nimeshaona mtu anaagiza valvu kumbe ni tope limekauka.

Kuna mashine ambazo valvu hizo zimewekwa presha tofauti makusudi, kwa hiyo soma namba zilizogongwa kabla ya kubadilishana.

Kijana wa Nkuhungu

Wakuu, kuhusu oili, mimi naweka SAE 90 ya gia, inakuwa nzito na haivuji ndani. Trekta ilirudia nguvu. Mjaribu.

Fundi Giza

Mkuu, ilirudia kwa muda gani?

Nieleze kwa nini nauliza. Oili nzito asubuhi haivutiki vizuri kupitia filta. Pampu ya kulishia inanyonya, haipati, inaingiza mapovu ya utupu. Utasikia inapiga filimbi ya wembamba ukiwasha. Mapovu hayo yakipasuka kwenye presha kubwa yanachimba chuma. Pili, kwenye trekta nyingi za aina hii, oili hiyo moja ndiyo ya giaboksi, ya haidroliki ya kunyanyulia na ya breki zilizomo ndani ya oili. SAE 90 haikutengenezwa kwa breki hizo.

Inayotakiwa ni UTTO, oili ya pamoja ya trekta. Kubota wana Super UDT2 yao, John Deere wana Hy-Gard. Usipoipata ya mtengenezaji, soma nyuma ya ndoo, tafuta maandishi J20C, kisha linganisha na kitabu cha trekta yako. Oili ya injini namba 40, hapana. Haidroliki 68 ya kijiko (mashine ya kuchimbia), inaweza kusukuma lakini breki hazitaipenda.

Na ile tabia ya kuichuja oili chakavu kwa kitambaa cha kanga na kuirudisha, acheni. Kanga inazuia panzi, haizuii mikroni.

Mwana Mpunguzi

Hiyo ya panzi naiba 😂

Mkuu, yangu ukiachia pedali haisimami, inatambaa polepole mbele. Breki inaishika.

Fundi Giza

Hiyo ni sahani kutorudi wima. Kuna springi na fimbo zinazoirudisha katikati, na kuna skrubu au boliti ya kurekebishia, ile ambayo kichwa chake hakizunguki kwenye kitovu chake. Kwanza paka grisi maungio yote, huku kwetu vumbi jekundu likichanganyika na grisi kuukuu linakuwa simiti. Ikiendelea, rekebisha kwa kufuata kitabu, matairi yote yakiwa hewani juu ya stendi za chuma, siyo jeki peke yake wala matofali. Ukiinua nyuma tu huku gia ya magurudumu manne imeingia, trekta itajirusha kutoka kwenye stendi ikufuate. Mpaka umerekebisha, usishuke na injini inawaka bila breki ya kuegeshea.

Zabibu Hombolo

Nimerudi na majibu. Rejeta ya oili nimeipata, ipo mbele ya rejeta ya maji. Haikuonekana kwa sababu ilikuwa blanketi la vumbi na majani makavu. Na huku katikati, kwenye shafti inayoingia haidro, kuna feni ndogo ya plastiki, panga zake nusu zimekatika. Oili ni nyeusi, inanuka kuungua. Nikaifunga kwenye chupa nikailaza usiku, imebaki nyeusi, haina ukungu.

Fundi Giza

Safi sana, tena umefanya kipimo bila kuambiwa. Kwa wengine: oili ikionekana kama chai ya maziwa, ilaze kwenye chupa. Ikikucha safi, yalikuwa mapovu ya hewa, tafuta mpira wa kunyonyea unaoingiza hewa au ujazo uliopungua. Ikikucha bado ya maziwa, ni maji. Mara nyingi yanaingia kwa presha ya kuoshea au kifuniko kilichopasuka wakati wa masika. Tone moja kwenye bati la moto likichatachata, ndiyo hivyo.

Sasa fanya hivi. Osha rejeta ukipuliza kutoka upande wa injini kwenda nje, usiulaze ule utando wa mapezi. Nunua feni, usiifunge kwa waya. Mwaga oili ikiwa ya vuguvugu, toa filta zote mbili, ya haidro na ya kunyonyea, na kama kuna chujio la waya ndani lisafishe. Kabla ya kufungua popote, osha na kausha. Kwenye upepo wa Dodoma wa Agosti mpaka Novemba, fanyia kazi hii ndani ya banda, siyo chini ya mbuyu.

Filta kuukuu usiitupe. Ikate kwa msumeno, siyo tindo. Nyoosha karatasi yake juani. Pitisha sumaku. Kinachoshikwa ni chuma cha gia, kidogo ni kawaida. Kisichoshikwa na kinang'aa kama vumbi la dhahabu ni shaba ya viatu vya pistoni (vikalio vinavyoteleza juu ya sahani inayoinama) au ya sahani ya milango, ile yenye matundu ya kuingizia na kutolea oili. Utuambie unaona nini.

Ukijaza, washa injini kwa mzunguko wa chini, pedali zimeachwa, dakika kadhaa, itoe hewa. Halafu matairi yakiwa hewani kanyaga taratibu mbele na nyuma mpaka mlio utulie. Zima, shusha rotaveta chini kabisa, pima ujazo kwenye ardhi sawa. Rotaveta ikiwa juu, silinda imeshika oili na kijiti kitakudanganya.

Ukitafuta mvujo, tumia kipande cha katoni, usipapase mpira kwa kidole. Oili ya presha hii inapita tundu la sindano na kuingia chini ya ngozi, unaona kidoa tu, haiumi sana mwanzoni, lakini bila upasuaji wa haraka mtu anaweza kukatwa mkono. Ikitokea, hospitali saa hiyo hiyo, usilale nayo ukisubiri uvimbe.

Mama Alizeti

Hiyo ya mwisho wawekee vijana kwenye ukuta wa banda.

Zabibu Hombolo

Wakuu, nimemaliza. Filta za haidro zilionekana hazijawahi kutoka tangu Japani. Karatasi ina vumbi linalong'aa, sumaku hailishiki. Siyo nyingi, lakini ipo.

Baada ya oili mpya, feni na kuosha rejeta: sasa inafanya kazi mpaka alasiri. Kimlima inapanda na tela kwa kobe, kijana amenuna lakini anapanda. Kulegea bado kupo kidogo jua likiwa kali kabisa. Nilipata geji, tukapima kwenye kizibo cha kupimia presha ya kulishia. Ikiwa baridi presha ya kulishia iko sawa na kitabu. Ikipata moto na mzigo inashuka chini ya kitabu, siyo sana.

Fundi Giza

Basi tumepata ukweli. Baridi iko sawa, maana yake pampu ya kulishia yenyewe ni nzima na filta zinapitisha. Moto na mzigo inashuka, maana yake ndani kunavuja zaidi ya inavyoweza kulisha. Hiyo dhahabu uliyoiona inakubaliana na geji. Pampu imeanza kuchoka, haijafa. Moto ndio uliokuwa unaichosha kwa kasi, na huo umeuondoa.

Ushauri wangu: usiifungue sasa. Hizi hazirekebishwi kwa msasa. Milango na vitalu vinasuguliwa kwenye mashine maalumu mpaka vikae bapa, na kwa trekta ya ukubwa huu gharama mara nyingi inakaribia kununua yuniti nzima ya mtumba. Fanyia kazi nzito asubuhi, punguza kina cha rotaveta, kobe daima. Badilisha filta tena mapema, oili mpya huwa inazoa uchafu wa zamani, ikate uangalie dhahabu imeongezeka au imepungua. Baada ya hapo fuata saa za kitabu. Kwa trekta nyingi ndogo, filta ni kila saa 200 na oili kila saa 400, lakini kwa vumbi letu mimi sifiki huko.

Wakati huo tafuta yuniti taratibu. Chukua namba ya modeli na ya haidro yenyewe, hesabu meno ya shafti, piga picha upande wa maungio ya pedali. Zinafanana kwa sura lakini haziingiliani. Ukiletewa, izungushe kwa mkono, iwe laini bila kukwama, na kataa iliyokaa matundu wazi bila vizibo.

Massey Damu

Nakubali umeeleza vizuri fundi. Sibadili 290 lakini umeeleza vizuri.

Mwana Mpunguzi

Yangu nimepaka grisi kama ulivyosema, nikang'oa simiti ile, haitambai tena. Sikugusa boliti.

Swali: betri ikiwa dhaifu tunasukuma?

Fundi Giza

Haiwaki kwa kusukuma, mkuu, hata mkiwa kijiji kizima. Injini imezimwa, pampu haizunguki, hakuna kinachounganisha matairi na injini. Ushike waya za kuongezea moto tu. Na kuivuta kwa kamba, weka lever ya kobe na sungura katikati kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, umbali mfupi. Ikiwa imeharibika mbali, ipakie kwenye gari. Ukiivuta na gia imeingia, mota inageuka pampu bila oili ya kulishwa, na kilichokuwa tatizo la betri kinakuwa tatizo la shaba.

Zabibu Hombolo

La mwisho wakuu. Filta ya haidro, duka moja wameniletea ya oili ya injini, wanasema uzi ni ule ule na inajifunga vizuri. Niichukue?

Fundi Giza

Usichukue. Kujifunga si kitu. Filta ya injini ina valvu ya kupitishia ya presha nyingine na karatasi ya mikroni nyingine. Kwenye upande wa kunyonya itakunyima oili asubuhi, ukarudi hapa kuniambia inapiga filimbi. Nenda na namba ya filta kutoka kwenye kitabu, au chukua ile kuukuu uliyoikata, ubavu wake bado una namba. Ukikosa Dodoma, agiza Dar, basi la jioni linafika asubuhi.